Mshahara Unaingia Nyumba Ile Ile

Mfumo mpya wa kompyuta ulizinduliwa Jumatatu kwa keki na soda, na kabla soda haijaisha gesi Kengele alikuwa ameshapoteza kazi. Ila siku hiyo hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Alipiga makofi na wenzake, akala kipande chake cha keki, akaomba na cha pili, maana keki ya kampuni haiji kila mwaka.

Kengele alikuwa mpokea simu wa kampuni ya maji, upande wa malalamiko, na alikuwa haoni tangu utotoni. Jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti. Mteja alipiga akiwa na hasira za kuja kuvunja madirisha, akamaliza kwa kumuuliza kama ameshakula. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mpweke, ambaye inasemekana alikuwa akilegeza bomba lake mwenyewe kila Jumapili ili Jumatatu apate sababu ya kumpigia. Kampuni ilimtumia fundi mpaka fundi akachoka, akamwambia, "Mzee, mpigie tu umsalimie, bomba liache."

Kazi yenyewe Kengele aliifanya kwa masikio mawili, na kila sikio lilikuwa na ajira yake. La kulia lilikuwa la mteja. La kushoto lilikuwa la Kasuku. Kasuku ni programu iliyokaa ndani ya kompyuta, ikisoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini: jina, mtaa, namba ya mita, deni, mpaka nukta na mkato. Kengele alikuwa amemkaza mwendo kiasi kwamba mwingine akivaa hedifoni ile alidhani anasikia mafuta yanachemka kikaangoni. Yeye hakupotewa na neno. Mteja akianza tu "haloo, hapa kwangu," Kengele ameshajua kwake ni wapi, mara ya mwisho alilalamikia nini, na kama kweli hana maji au hajalipa tu. Yote hayo huku anakunywa chai.

Mfumo mpya ulikuwa wa picha. Palipokuwa na maneno pakawekwa vialama vya rangi: tone la maji, spana, bahasha, sarafu. Anayeona akafurahi. Baada ya keki Kengele akavaa hedifoni, akabonyeza, Kasuku akasema, "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Mara ya tatu, "Picha." Kisha kitufe, kitufe, kitufe, kama mtoto aliyejifunza neno moja na ameamua kushinda nalo.

Sikio la kulia lilikuwa na mama anayelia kwamba bomba limepasuka mbele ya mlango wake na maji yanaruka juu mpaka ndege wanaoga bila kutua.

"Pole sana, mama. Nipe namba ya mita yako."

"Wewe si Kengele? Namba yangu unaijua!"

"Naijua, mama. Leo nataka niisikie kwako."

Akaishika kichwani namba ya mama huyo, na ya mwenzake aliyefuata, na ya wengine wote waliopiga asubuhi ile. Wakati wa chai akamwomba jirani yake wa kiti cha kushoto amwingizie. Jirani akaingiza, lakini chai yake ikapoa, na chai iliyopoa ina kumbukumbu ndefu.

Meneja akapita na mikono mfukoni. "Vipi jamani, mfumo mnauonaje?"

"Safi, bosi!"

"Kengele?"

"Nauzoea tu, bosi."

Angeweza kusema. Lakini alishaishi ofisini muda wa kutosha kujua kwamba mwenye macho akisema kazi ni ngumu huambiwa ajifunze, na yeye akisema kazi ni ngumu ataambiwa apumzike. Kwa hiyo akatabasamu kuelekea ilikotoka sauti, na Meneja akaenda zake ameridhika.

Alivumilia hivyo wiki nzima. Ijumaa fundi alipelekwa mtaa mwingine kabisa, akachimba barabara ya watu, na waliokuwa na bomba lililopasuka wakaingiliwa na maji mpaka chumbani. Namba mbili zilikuwa zimegongana kichwani mwake.

*

Fundi wa kompyuta, waliyemwita Waya kwa ule wembamba wake na zile nyaya anazotembea nazo shingoni, alikaa kwenye kiti cha Kengele, akavaa hedifoni, akasikiliza.

"Dada, Kasuku haumwi," alisema. "Ila hana cha kusoma. Aliyetengeneza huu mfumo kabandika picha, hakuandika chini yake jina. Wewe ungekuwa Kasuku ungesema nini?"

"Ningetukana."

Waya akacheka. "Naweza kuviandikia majina, kimoja kimoja. Hapa 'deni', hapa 'tuma fundi'. Siku mbili tu, tukikaa wote, mimi naandika, wewe unaniambia Kasuku anasemaje. Baada ya hapo utawakimbiza hawa wote."

Wakaenda kwa Meneja. Ofisini mwake, juu ya kabati la mafaili, ilitundikwa kalenda ya kampuni ya mwaka huo. Kengele ndiye aliyekuwa kwenye picha, na hedifoni kichwani, anacheka, uso umeelekea pembeni kidogo ya kamera. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa: HAKUNA ANAYEACHWA NYUMA. Alikuwa ametundikwa kwenye benki, hospitalini, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwenye saluni moja ambako walimkunja nusu ili kioo kienee.

"Siku mbili," Meneja alirudia. "Nani analipa?"

"Mimi nipo kwenye mkataba wenu, bosi," alisema Waya.

"Mkataba unasema usimike mfumo. Umeusimika. Haukusema mfumo uongee. Nikikupa siku mbili za hili, kesho mhasibu naye atataka la kwake." Akamgeukia Kengele, sauti akailainisha kama anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Kengele, wewe ni sura ya kampuni hii. Sikutupi. Nyumbani uko na nani?"

"Mume wangu na mama mkwe. Mtoto yuko shule ya bweni."

"Shemeji anafanya kazi gani?"

"Fundi rangi. Kwa sasa... anapumzika."

"Basi si aje akusomee? Akae pembeni yako, wewe uongee, yeye asome. Kwa muda tu, mpaka nitakapopata fungu. Waya, si inawezekana?"

"Inawezekana," alisema Waya, "kama vile inavyowezekana mtu mwenye miguu yake kubebwa mgongoni."

"Nimekuuliza kuhusu kompyuta."

Kengele alitoka pale akiwa amefurahi. Alikuwa ameingia akitegemea kufukuzwa, na mtu aliyetegemea kofi akipewa karipio husema asante.

*

Mumewe aliitwa Brashi, na kuna wakati hakukuwa na ukuta mtaani usioujua mkono wake. Alijisifu kwamba aliwahi kupaka dari la kanisa zima bila tone moja kudondoka, na kwamba padri alitembea chini yake na kanzu nyeupe makusudi amjaribu. Kisha zikaja rangi za kupuliza kwa mashine, vijana wakanunua mashine, yeye akabaki na ngazi. Ngazi ikawa ya kuanikia nguo. Mtaani wakaanza kumwita "mume wa kalenda," kwa utani, na yeye alicheka nao kila mara, kila mara kwa kuchelewa kidogo.

Kengele alipoeleza, mama mkwe alikuwa anapanga vyombo kabatini. Vyombo vikanyamaza.

"Mwanangu akakae pembeni ya mke wake, amsomee," alisema. "Kama dereva."

"Ni kwa muda tu, mama," alisema Kengele.

"Na huo muda watampa nini?"

"Hawampi kitu. Ila mshahara wangu hautakatika. Kodi italipwa, ada ya mtoto itakwenda."

"Kwa hiyo atafanya kazi bure ili wewe ulipwe."

"Mama," Brashi aliingilia, "basi."

"Mimi nimesema nini? Nahesabu vyombo hapa."

Brashi akavuta kiti, akakaa. Kisha akauliza, "Wanavaaje huko?"

"Shati. La mikono mirefu."

Akainuka kwenda kutafuta pasi. Mama mkwe akamfuata, akamnyang'anya, akampigia pasi yeye mwenyewe, kola mara mbili, kama siku ile alipompeleka darasa la kwanza.

*

Ofisini walimwita shemeji. "Karibu, shemeji!" "Shemeji, sogeza kiti!" Mlinzi alimpa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa MGENI, na kila jioni alikirudisha, kila asubuhi akapewa tena, kana kwamba usiku ule huenda aligeuka mtu mwingine. Chai ya wafanyakazi ilihesabiwa vikombe, chake hakikuwemo. Alikunywa nusu ya cha mkewe, na mhudumu wa chai akawa anawaangalia kwa jicho la mtu anayeibiwa.

Mwanzo kilikuwa kichekesho. Brashi alisoma kama anayetembea gizani.

"Hapa pana... tone. Tone la maji. La bluu. Nilibonyeze?"

"Usinieleze rangi, baba. Nisomee jina la mteja."

"Jina... ngoja... limejificha."

"Limejificha wapi, ni kuku? Mteja ananisubiri!"

Jirani wa kiti cha kushoto akaficha kicheko kwenye kiganja. Wengine hawakuficha. Kengele naye, kwa sababu alikuwa na kipaji cha kuchekesha na kwa sababu alikuwa na hofu, akaendeleza. "Jamani, nipeni Kasuku wangu. Yule hakuwa na miwani wala njaa." Ukumbi mzima ukacheka. Brashi akacheka pia. Kwa kuchelewa kidogo.

Lakini mtu aliyejifunza kupanda ngazi na ndoo mkononi anaweza kujifunza chochote. Polepole akazoea picha. Akajua tone linafungua nini na spana inampeleka nani. Akawa anafungua ukurasa kabla Kengele hajauliza, na mezani pakatulia, na wateja wakahudumiwa kama zamani. Kengele akaanza kumsifu nyumbani mbele ya mama mkwe. Hakuona kilichokuwa kinaondoka, maana kiliondoka kwa adabu.

Kwanza iliondoka fimbo. Alikuwa akienda nayo kazini peke yake, anajua kila mfuniko wa mtaro na kila kona ya ukuta. Sasa Brashi alimshika mkono, fimbo ikabaki nyuma ya mlango. "Ya nini, na mimi nipo?" Halafu kikaondoka kibodi, kwa sababu wawili hawawezi kugombea vitufe. Halafu yakaanza kuondoka maneno. Kasuku alikuwa akimsomea kila kitu, hata visivyo na maana, na Kengele ndiye aliyechagua kipi ni kipi. Brashi hakuwa programu. Alikuwa mume. Alisoma kile alichoona kinamhusu.

"Mteja ana deni?"

"Kidogo. Achana nalo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Mwambie tu fundi anakuja."

Siku moja Kengele alikwenda msalani, akarudi akipapasa meza za watu, akasikia sauti ya mumewe kwenye kiti chake: "Pole sana, mama. Nipe namba ya mita yako." Maneno yalikuwa yake, na ile pumzi ndogo katikati ilikuwa yake. Akasimama hapo mkono ukiwa juu ya meza ya mwenzake mpaka simu ikaisha.

"Umeongea vizuri," alisema.

"Ilikuwa inaita," alisema Brashi. "Ningefanyaje?"

*

Waya hakuwa amesahau. Alikuwa mtu wa kero ndogo ndogo. Kitu kisichofanya kazi kilimwasha mwilini kama upupu. Alhamisi moja alimkuta Brashi kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

"Shemeji, mwambie dada nina Jumamosi na Jumapili hii niko huru. Nimeongea na mlinzi, atatufungulia. Sitaki hela ya mtu. Tukae, tuviandikie majina vile vitufe, Jumatatu Kasuku anaongea. Na wewe upumzike, urudi kwenye mambo yako."

Brashi alikuwa na glasi ya maji mkononi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Asubuhi ile, njiani, yule muuza magazeti ambaye siku zote humuuliza "kalenda mzima?" alikuwa amemsalimia, "Za kazini, mzee?" na Brashi alikuwa amejibu nzuri. Alifikiria mambo yake ambayo Waya alitaka ayarudie. Aliiona ngazi ukutani, na soksi zilizoning'inia juu yake.

"Jumamosi hii?" alisema. "Jumamosi hii tuna shughuli ya kifamilia."

"Basi ijayo."

"Fundi, nikwambie kweli?" Brashi akapunguza sauti. "Yeye mwenyewe hataki tena. Amechoka na yale makelele ya sikioni, yanampa maumivu ya kichwa. Tumeshazoea hivi. Tunamudu."

"Amesema hivyo?"

"Mimi ndiye nalala naye, au wewe?"

Waya akainua mikono, akacheka kwa aibu, akaenda kurekebisha printa. Brashi akamaliza maji yake, akaisuuza glasi vizuri, akaifuta, akairudisha mahali pake. Jioni hiyo alimnunulia mkewe viatu vya wazi vya ngozi, kwa hela ya mkewe.

*

Meneja aliwaita wote wawili, akawakalisha, akaagiza chai. Vikombe vitatu. Brashi alivihesabu kwa macho mara mbili.

"Kengele, umeitumikia kampuni hii," Meneja alianza, na anayeanziwa hivyo hahitaji kusikia mengine. "Sasa makao makuu wanauliza. Kiti kimoja, watu wawili. Akija mkaguzi akamkuta mtu mwenye kitambulisho cha mgeni anagusa taarifa za wateja, mimi na mkaguzi tutaelewana?"

"Niletee Kasuku wangu, bosi," alisema Kengele. "Siku mbili. Waya alisema siku mbili."

"Waya nimemuuliza. Anasema wewe mwenyewe umechoka naye."

"Mimi? Nilimwambia lini?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi pana, ya mtu mzima kupita na ngazi yake. Brashi alikoroga chai.

"Hayo mtaongea wenyewe," Meneja alisema. "Mimi nimetafuta njia ya kutomuumiza mtu. Kiti kinabaki kwenu. Atakikalia shemeji. Ameshajua kazi, wateja wameshamzoea, sihitaji kumfundisha mtu mpya. Mshahara ni ule ule na unaingia nyumba ile ile. Familia haijapoteza hata senti."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika. Umefanya kazi sana."

Kengele akageuza uso upande wa mumewe. Alikuwa akimjua kwa kupumua. "Baba," alisema, "mwambie hutaki."

Kijiko kikagonga ukingo wa kikombe.

"Tukikataa wote wawili, mke wangu," alisema Brashi, taratibu, kwa sauti ile ya simu, "ada ya mtoto italipwa na nani?"

"Unaona?" Meneja akasema, amefurahi kukutana na mtu mwenye akili. "Kunyweni chai."

Kalenda haikuondolewa. Mwaka ulikuwa haujaisha, na zilikuwa zimechapishwa nyingi.

*

Kuanzia siku hiyo ofisini hawakumwita tena shemeji. Walimwita kaka. Mlinzi alimpa kitambulisho chenye picha. Mtaani utani ukafa wenyewe, na ngazi akaiuza kwa kijana mwenye mashine ya kupuliza. Nyumbani mama mkwe alianza kumwekea maji ya kuoga ya moto jioni, na kumwita "mfanyakazi".

"Mfanyakazi wetu amerudi! Mke wa mwanangu, sogea kidogo hapo mwenzio apite, amechoka."

Kengele alikuwa akisogea. Mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, viatu vipya miguuni, bila pa kwenda navyo. Mama mkwe hakuwa mkatili. Alimletea chai mkononi, akamfungulia redio, akamkataza kuosha vyombo asije akajikata, akamkataza kwenda dukani asije akagongwa. Mara mbili Kengele aliitafuta fimbo nyuma ya mlango. Mara ya pili mama mkwe akamwambia ameihifadhi juu ya kabati, ilikuwa inawakwaza watu.

"Watu gani, mama?"

"Watu wanaopita."

Brashi akirudi alikuwa mwema. Alileta mkate, alimsimulia habari za wateja. "Yule mzee wako mstaafu amepiga. Kasikia sauti yangu, akakata. Nikampigia, nikamuuliza bomba vipi. Akasema limepona." Akacheka mwenyewe. Kengele akauliza kama Waya bado anapita pale ofisini. Brashi akasema hamwoni, siku hizi ana kazi nyingi kwingine.

Asubuhi moja, Brashi ameshaondoka, Kengele alichukua simu yake ndogo ya vitufe na kumpigia Waya. Alitaka kujua kitu kidogo tu: kama Kasuku anaweza kukaa kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani, ikipatikana, ili yeye atafute vibarua vya kupiga chapa.

"Dada!" Waya alifurahi, kisha akapoa. "Nilidhani hutaki hata kumsikia."

"Kumsikia nani?"

"Kasuku. Si alikuwa anakuumiza kichwa?"

"Nani alikwambia?"

Waya akakohoa. Mtu wa nyaya anajua akigusa pasipotakiwa. Lakini Kengele alimvuta kwa ile sauti iliyowahi kuwatoa watu siri za mita walizozichezea, na Waya akatoa yote: korido, Jumamosi na Jumapili, mlinzi aliyekubali kufungua, shughuli ya kifamilia, maumivu ya kichwa, na hata lile la nani analala na nani.

"Pole, dada. Nilidhani mmeshaongea."

"Usijali, mdogo wangu," alisema Kengele. "Umenisaidia."

Akaiweka simu mapajani. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili anakunja nguo, anaimba wimbo usio na maneno. Nje mtu alikuwa akigonga bati. Kengele akaiinua tena. Kisha akabonyeza namba ya kiti chake cha zamani, ambayo vidole vyake viliijua kuliko alivyolijua jina la ukoo wake, akasikiliza mashine ikimkumbusha kwamba mazungumzo yote yanarekodiwa kwa ajili ya ubora wa huduma, na ikamshukuru kwa uvumilivu wake.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

"Nzuri, kaka. Nina malalamiko."

Nyuma yake ukumbi ulikuwa ukivuma, viti, simu, jirani wa kiti cha kushoto akicheka na mtu.

"Mke wangu?" alinong'ona. "Kuna nini nyumbani?"

"Mimi ni mteja. Ongea kwa sauti, kaka, wanarekodi."

"...Ndiyo, mama. Malalamiko yako ni yapi?"

"Nilikuwa na tatizo, nikaomba fundi. Fundi akakubali kuja, Jumamosi na Jumapili, bila hela. Akafika mpaka mlangoni. Kuna mtu akamrudisha. Akamwambia mwenye nyumba hataki tena, mwenye nyumba anaumwa kichwa. Nataka kujua ni nani."

Kengele alimsikia akipumua kwa pua, upesi upesi, kama alivyokuwa akipumua akiwa juu ya ngazi na upepo ukivuma.

"Kaka, mbona husemi? Umeandika? Nisomee ulichoandika."

"Mama... tafadhali..."

"Nisomee neno kwa neno. Usinichagulie."

"Tutaongea nyumbani," alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa tena ya simu. "Nakuomba. Bosi anapita hapa."

"Nyumbani nitaambiwa nisogee upite umechoka. Hapa unalazimika kunisikiliza. Hapa huruhusiwi hata kukata simu kabla ya mteja. Andika, kaka. Andika jina la aliyemrudisha fundi."

Alisikia kiti kikilia. Alisikia sauti ya Meneja, si mbali, ikiuliza kwa furaha, "Vipi kaka, wateja wasumbufu leo?" na Brashi akijibu, "Kawaida tu, bosi." Kisha akamsikia akirudi karibu na kinasa sauti, akivuta pumzi ile ndogo ya katikati.

"Asante kwa kupiga simu, mama. Malalamiko yako tumeyapokea na yanafanyiwa kazi. Tafadhali subiri kwenye laini."

Kikafuata kibonyezo. Ukaanza muziki wa kinanda, ule mfupi unaojirudia, ambao kampuni huwapigia wateja ambao haijui la kuwajibu.

Mama mkwe akachungulia, shati lililokunjwa mkononi. "Unaongea na nani muda wote huo? Salio litakwisha."

"Na kampuni ya maji, mama."

"Maji si yanatoka?"

"Yanatoka," alisema Kengele, na akaisogeza simu vizuri sikioni.